Saa Moja na Dakika Kumi na Nane

Temeke, Dar es Salaam
Jumanne, 12 Oktoba 1993

Kwako dada Everlyne,

Kaa chini kwanza, na hiyo mashine ya taipu uiache ipumzike. Mdogo wako Odera, yule aliyekuwa anaogopa kupanda juu ya paa la jiko kufuata mpira, leo amepanda ndege.

Usianze kunikaripia, nitakueleza. Unajua duara letu, lile shimo letu la dhahabu kule Nyamongo, linaingia maji. Waitara, Heche na mimi tumeyachota kwa ndoo hii wiki ya tatu sasa. Tukitoa debe moja, yanaingia mawili. Wenzangu wakanituma Mwanza nikatafute pampu, maana mimi ndiye ninayesoma vizuri. Mwanza hazipo. Mwenye duka mmoja akaniambia Dar zipo, tena kwa treni ni siku mbili kwenda na siku mbili kurudi. Nikatoka nje nikiwa nimekata tamaa, nikajikuta mbele ya ofisi ya tiketi za ndege. Nauli nimetoa kwenye fungu langu mwenyewe, kwa hiyo hapo huna la kusema.

Sikumwambia mtu. Waitara na Heche wanajua niko Mwanza, na watu wengine wote wanajua niko shimoni. Hata koti langu la kaki nimeliacha pale kwenye mti wa mdomo wa duara. Nilishakusimulia utaratibu wetu: anayeshuka anatundika koti, akipanda analichukua, ili walioko juu wajue nani yuko chini. Mimi nimeliacha linishikie nafasi, wasije wakaniingizia mtu mwingine nikiwa safarini.

Sasa ndege. Rubani alisema kutoka Mwanza mpaka Dar kwa njia ya hewani ni kilomita kama mia nane na hamsini. Nikaitegea saa yangu. Tangu magurudumu yalipoachana na ardhi mpaka yalipoigusa tena, saa moja na dakika kumi na nane. Dada, kutoka nyumbani Susuni mpaka kwako Bomani kwa baiskeli natumia muda mrefu kuliko huo, na sipewi soda njiani! Walitupa soda na biskuti. Sijaimaliza ile soda, tumefika.

Nimefikia kwa binamu yetu Rabson. Kesho Jumatano asubuhi nachukua pampu, mchana narudi Mwanza, Alhamisi niko duarani. Barua hii itakukuta nimeshapita kwako na chai nimeshakunywa. Uisome tu ucheke.

Wako mdogo, msafiri wa angani,
Odera


Temeke
Jumanne, 19 Oktoba 1993

Dada Everlyne,

Natumaini hamjambo wote. Mimi sijambo.

Bado niko Dar. Pampu imechelewa kupatikana, na ndege nayo imejaa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Msiwe na wasiwasi.

Nina jambo moja la kuuliza. Je, Waitara na Heche walimweka mtu mwingine kwenye nafasi yangu? Kama unajua, niandikie hilo tu. Anwani ya Rabson iko nyuma ya bahasha.

Wasalimie baba na mama. Au usiwasalimie kwanza, nitawasalimia mwenyewe nikija.

Odera


Temeke
Jumapili, 28 Novemba 1993

Dada,

Wiki ya sita sasa na hakuna jibu. Najua sababu. Kama umeamua kuninyamazia, basi, ni haki yako.

Nimepata kazi ya kupakia magunia kwenye ghala la mahindi. Pampu iko chini ya kitanda, nimeifunika gunia. Kila Jumapili naifuta vumbi. Rabson ananiuliza nitaipeleka lini, namwambia sina nauli. Ghala liko njia ya ndege. Ile ya Mwanza inapita juu yetu mchana, na mimi najua pale inapopita imebakiza muda gani kufika. Sitaki kujua lakini najua.

Chakula nakula. Usingizi napata. Nisingependa ufikiri naumwa.

Odera


Bomani, Tarime
Ijumaa, 14 Januari 1994

Odera,

Juzi Jumatano nimerudi kutoka Migori. Nikapita posta, nikafungua sanduku langu, nikakuta barua tatu. Niliujua mwandiko. Nikafunga sanduku, nikasimama pale na ufunguo mkononi mpaka mtu nyuma yangu akaniuliza kama naumwa. Nikafungua tena.

Sikukunyamazia. Sikuwepo. Nitakueleza kwa mpangilio, kama ninavyopiga taarifa za ofisi, kwa sababu kwa namna nyingine siwezi.

Ijumaa tarehe 15 Oktoba asubuhi duara lenu liliporomoka. Watu wa maduara ya jirani walikimbilia pale. Wakaenda kwenye mti wakahesabu makoti. Yalikuwa matatu: la Waitara, la Heche na la kwako la kaki. Jumamosi wakamtoa Waitara, Jumapili wakamtoa Heche. Wote walikuwa wameshakufa. Baada ya hapo maji yakajaa, wakasema wa tatu hafikiki. Baba alikwenda mwenyewe. Alikaa pale mdomoni mpaka Alhamisi, hakutaka hata kukaa kivulini. Alhamisi jioni akarudi Susuni na koti lako begani.

Uliuliza kama walimweka mtu mwingine kwenye nafasi yako. Nilisoma swali hilo mara nyingi bila kuelewa. Hawakumweka mtu. Wa tatu ni wewe.

Tulikuzika Jumamosi tarehe 23. Mwili haukuwepo, kwa hiyo wazee walifanya kama tunavyofanya sisi Wajaluo mtu akipotelea majini au ardhini. Walikata tunda la yago, refu kama mkono wa mtu mzima, wakalivika shati lako jeupe, wakaliweka kwenye jeneza. Fundi wa jeneza aliuliza urefu wako. Baba hakujua, mimi sikujua. Mama akaenda akasimama mlangoni kwa simba yako, kile kibanda chako cha ujana, akaonyesha kwa kiganja pale kichwa chako kinapofika ukiwa unaingia. Fundi akapima hapo. Katekista Kornelio alisali. Watu walikuwa wengi sana, hata Wakurya wa upande wa Waitara na Heche walikuja, na wao walikuwa na misiba yao.

Kaburi liko kando ya simba. Simba yenyewe imebomolewa, kama desturi. Kitanda chako amepewa shemeji wa jirani yetu Omondi.

Mama alikataa kula. Ndiyo maana niliomba likizo, nikampeleka ng'ambo ya mpaka, Migori, kwa shangazi, nikakaa naye mpaka akaanza kunywa uji. Nimemwacha huko. Sijamwambia. Sijamwambia mtu yeyote. Barua zako ziko kwenye droo, chini ya karatasi za kaboni, na mimi naendelea kupiga taipu.

Ningetakiwa kufurahi. Nimeingoja furaha tangu juzi, haijaja. Nimekulia mpaka nimekwisha, na sasa sina kitu cha kukupa.

Uliandika kwamba Jumatano ungerudi. Ofisini kwetu kuna simu na namba yake unaijua. Nieleze.

Dada yako,
Everlyne Adero


Temeke
Alhamisi, 27 Januari 1994

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma ghalani. Nilipofika pale ulipoandika wa tatu ni nani, nilishika uso wangu kwa mikono miwili, nikawa napapasa. Mwenzangu akafikiri nimeumwa na nyuki.

Nakueleza. Jumamosi ile, tarehe 16, nilikuwa nakunywa chai kwa Rabson. Begi lilikuwa mlangoni, pampu imefungwa kamba, tiketi mfukoni. Redio ikasema duara limeporomoka Nyamongo na watu watatu wamefariki. Walitaja mlima, nikajua ni letu. Nikajua ni Waitara na Heche, na nikafikiri wa tatu ni mtu waliyemweka kwenye nafasi yangu kwa sababu nimechelewa. Dada, miezi mitatu nimemlilia huyo mtu. Nimemtungia jina, nimemtungia mke. Nilikuwa nasema amekufa kwa ajili yangu, na kumbe ndiye mimi.

Nilishindwa kuja. Wenzangu walinituma pampu, na mimi pampu ninayo, na wao wamekufa majini. Ningemtazama vipi mama yake Waitara? Ningemwambia nini mke wa Heche? Nikasema niache wiki moja ipite. Ikapita. Simu niliiendea posta mara mbili, nikapanga foleni, ilipofika zamu yangu nikatoka.

Ni pampu iliyochelewa, dada. Ningeipata mapema ningekuwa nimeshafika.

Sasa nataka kuja nyumbani. Sitaki kukaa huku nikiwa marehemu. Mwambie baba niko hai. Mwambie polepole, anza na mambo ya ng'ombe. Muulize kama naweza kuingia kwenye boma lake. Akikubali nitapanda ndege siku hiyo hiyo na kesho yake nitakuwa Susuni.

Mdogo wako,
Odera


Bomani, Tarime
Jumanne, 8 Februari 1994

Odera,

Jumapili nilikwenda Susuni. Nilianza na ng'ombe kama ulivyosema. Baba akaniambia, "Adero, sema ulilolijia."

Nikamwambia. Alikuwa anasuka kamba. Hakuiacha. Akaniambia nisome, nikasoma barua zote nne kwa mpangilio, ile ya ndege ya kwanza kabisa. Alipomaliza kusikiliza akaniomba nirudie ya kwanza na ya mwisho.

Nikafikiri atauliza habari za kaburi, maana mimi mwenyewe nilishakwenda kwa mzee Nyamhanga anayejua mambo hayo kuuliza. Alisema linatengenezeka: yago linafukuliwa, linatupwa mtoni, wewe unanyunyiziwa manyasi, dawa ya kukutakasa, kisha unaingia kwa kupasua ua wa nyuma, si kwa lango la mbele. Nilikuwa tayari kumweleza baba hayo yote.

Hakuuliza hayo. Mazungumzo yetu yalikuwa hivi, nayaandika yalivyo.

"Redio ilisema siku gani?"

"Jumamosi, baba."

"Na ndege ya Jumamosi ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Tiketi ilikuwa mfukoni."

"Inachukua muda gani hiyo ndege?"

Nikamsomea tena. Saa moja na dakika kumi na nane.

Kisha akasema, "Jumamosi mimi nilikuwa pale mdomoni. Jumapili nilikuwepo. Jumatatu wakaniambia mzee ondoka, sikuondoka. Angekuwa mbali, ningemwelewa. Angekuwa jela, ningemwelewa. Adero, mbona ni karibu hivyo?"

Nikasema kwamba uliona aibu. Akasema aibu anaijua, na yeye pia ameona aibu kukaa siku sita mbele ya watu bila kumtoa mwanawe. Kisha akainuka akaenda kufunga ndama. Nilimsubiri mpaka jua likaanza kuzama. Aliporudi aliniuliza kama nimekula.

Hakusema uje, na hakusema usije. Mimi siwezi kukuamulia. Nimekufa ganzi, Odera, hata nikijichoma na sindano ya kushonea nashangaa tu damu inatoka wapi.

Ila jambo moja nakwambia kama dada. Nimesoma barua zako mara nyingi sasa. Uliandika Jumanne kwamba pampu unaichukua Jumatano asubuhi. Tangu lini wewe ukaandika jambo usilo na hakika nalo? Ukija, njoo na ukweli. Na ule wa pampu kuchelewa uuache huko huko.

Everlyne


Gesti, nyuma ya soko, Bomani
Ijumaa, 25 Februari 1994

Dada,

Bila shaka telegramu yangu uliipata, kwamba nafika Ijumaa. Nimefika. Sikupanda ndege. Nilipanda treni mpaka Mwanza, siku mbili na nusu, nimekalia pampu. Nilitaka njia iwe ndefu. Kisha basi la Musoma, kisha la Tarime. Nimeshuka saa mbili asubuhi, nikapita mbele ya ofisi yenu upande wa pili wa barabara, sikugeuza kichwa, nikaja kuchukua chumba hapa.

Barua hii anakuletea Mokami, mama mmoja kutoka Mugumu anayetunza gesti hii. Nimemwambia mimi ni fundi wa pampu.

Ukweli ni huu. Pampu niliipata Jumatano saa tatu asubuhi. Haikuchelewa hata saa moja. Rabson akaniambia Alhamisi kuna mpira, nusu ya nchi inakuja kuutazama, na mimi nikaenda nikabadilisha tiketi kutoka Jumatano hadi Jumamosi. Kwa ajili ya mpira. Nilikaa jukwaani nakula karanga. Timu yangu ilifungwa. Ijumaa, duara linaporomoka, mimi nilikuwa nimelala kwa Rabson nimechoka kupiga kelele.

Jumamosi baada ya redio nilikwenda uwanja wa ndege hata hivyo. Mwambie baba hilo pia. Nilikaa kwenye kiti, wakaita abiria wa Mwanza, wenzangu wakainuka. Mimi sikuinuka. Hakuna aliyenizuia. Niliitazama ikiondoka, nikatazama saa, nikakaa saa moja na dakika kumi na nane pale pale kwenye kiti, mpaka nikajua imefika. Kisha nikarudi Temeke. Baba anauliza mbona ni karibu. Ingekuwa mbali ningeanza safari, nami nikiwa njiani labda ningepata nguvu. Ile ilikuwa karibu mno, ningefika bado naogopa.

Nafikiri kesho kwenda Nyamongo, kwa mama yake Waitara kwanza, kisha kwa mke wa Heche. Pampu ni yao. Wanitukane, wanipige, sitajibu. Ya nyumbani namwachia baba. Akisema nisiingie, sitaingia, nitavuka mpaka pale Sirari nikamwone mama huko Migori kutoka mbali, kisha nitarudi Dar kubeba magunia.

Kutoka kitanda hiki mpaka meza yako nimehesabu asubuhi nikipita: dakika saba kwa miguu. Nimevaa viatu mara tatu, nimevivua mara tatu. Nakuandikia kwa sababu nimeshindwa dakika saba.

Odera


Ofisini, saa sita kasoro

Odera,

Naandika haraka, Mokami anasubiri mlangoni.

Telegramu yako nilimpelekea baba Jumatano. Aliikunja akaitia mfukoni. Leo nimefika kufungua ofisi, nimemkuta kwenye benchi la nje, amefika kwa gari la kwanza kutoka Susuni. Nilimuuliza amefuata nini, akasema anapumzika. Amepumzika tangu saa moja. Magotini ana koti lako la kaki. Alikuona ulipopita upande wa pili. Ananiambia sasa hivi tu. Anasema alikujua kwa mwendo, akainua fimbo kukuita, kisha akaishusha.

Nimemsomea barua yako yote, mpaka karanga. Kwenye mpira alifumba macho. Nilipomaliza akaniuliza, "Dakika saba, kwa miguu ya nani?" Nikasema kwa miguu yako. Akasema yake ni mibovu, na akainuka, ameshashuka ngazi, na mimi nalia, mwana wa baba, nalia hapa mbele ya watu wa ofisi kama mtoto. Sikulia hivi hata siku ile ya jeneza.

Tunakuja. Baba anatembea na fimbo, kwa hiyo hesabu dakika ishirini. Vua viatu, Odera, uvitupe chini ya kitanda, ukae hapo hapo. Usiondoke.

Adero